Kwanza Niambie Unapanda Wapi

Biashara ya miche hapa Nairobi huendeshwa na vitu viwili, mvua na siasa. Mvua nimeizoea. Machi ikikaribia najaza trei, Oktoba ikikaribia najaza tena. Siasa ndiyo hunikuta sijajipanga. Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitangaza siku ya mapumziko ili watu wapande miti, na kufikia saa nne asubuhi kibanda changu, kando ya barabara ya Waiyaki ukitoka Kangemi kuelekea Kinoo, hakikuwa na mche wa kumwonyesha mtu. Tarehe 10 Mei 2024, mafuriko yakiwa yameua watu na kusomba nyumba Mathare na Mukuru, ikawa vilevile. Lengo lililotangazwa ni miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Kwa muuza miche hiyo ni habari njema, na sitajifanya sikuifurahia.

Ila ni biashara hiyohiyo iliyoniingiza kwenye mabishano ambayo sikuyatafuta: nani ana haki ya kukausha ardhi yenye maji, na ikiachwa na maji yake, nani abebe hasara. Nimeyasikia barazani kwa chifu, nimeyasikia kwa fundi wa nguo Mkongomani tunayepakana vibanda, nimesoma habari zake za Rwanda na za Brussels. Kila mahali watu husema wanabishana kuhusu mazingira. Nikitega sikio vizuri, mimi husikia wanabishana kuhusu misimu miwili mitatu ya kwanza, ile ambayo mkulima ameshaacha kulima pale bondeni na bado hakuna aliyemletea chochote.

Nianze na mkaratusi, kwa sababu ndio unaonilipia kodi ya nyumba. Mti huu uliletwa Kenya mwaka 1902 ili reli ya Uganda ipate kuni za kuendeshea garimoshi, na tangu hapo haujaondoka. Mkulima anaupenda kwa sababu anaweza kuupigia hesabu. Baada ya miaka michache anauza fito za ujenzi, akivumilia anauza nguzo za stima, na vilivyobaki vinaenda kuni kwenye viwanda vya majani chai. Ukiukata unachipuka tena bila kukuomba mche mwingine. Hakuna mti wa kiasili unaoweza kushindana nao kwa mtu mwenye mtoto wa kupeleka sekondari mwakani.

Februari 2018 kukapigwa marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Aliyeitangaza alikuwa Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto. Ilikuwa iwe ya siku 90, ikaongezwa, ikaongezwa tena, hadi Julai 2023 ambapo Ruto yuleyule, sasa akiwa Rais, akatangaza huko Molo kwamba imeondolewa. Chama cha Mawakili kikaenda mahakamani, na mahakama ikasimamisha kwa muda uamuzi huo. Katikati ya hayo, mwaka 2022, Naibu Rais wa wakati huo, Rigathi Gachagua, alikuwa ameamsha tena ule mjadala wa mfumo wa shamba, kwamba wakulima waruhusiwe kulima ndani ya misitu ya serikali huku wakitunza miche. Magazeti yalijaa hoja za pande zote. Sikuona mahali mtu akiuliza mbao zitatoka wapi wakati msitu umefungwa.

Mimi nilikuwa naona zinakotoka. Zilikuwa zinatoka kwenye mashamba ya watu. Mbao zikapanda bei, na wateja wa mikaratusi wakaongezeka kibandani kwangu. Kwa kuwa shamba la juu lina mahindi na nyumba, mikaratusi ilikuwa inapelekwa bondeni, kwenye kile kipande chenye maji ambacho kila familia ya Kiambu inacho na haijui ikifanyie nini. Wengine hawakuficha. "Nataka pale pakauke," mteja mmoja aliniambia akichagua miche yenye mizizi mirefu. Huyo hakuwa anataka mbao. Alikuwa ananunua pampu isiyotumia petroli. Msitu wa serikali ulilindwa kwa tangazo moja, na mzigo ukateremkia kinamasi bila tangazo lolote.

Ndiyo maana siku hizi mteja akisema anataka mikaratusi mia tatu, kabla sijahesabu namuuliza anapanda wapi. Wengine hukasirika. Mmoja aliniambia nimuulize pia analala wapi.

Kinamasi kilichonifanya nianze kuuliza ni Ondiri, pale mjini Kikuyu. Si mbali, ukipanda matatu hapa Kangemi na barabara ikiwa wazi utafika kabla hujachoka kusimama. Ni kidogo, hekta 30 na kitu, na ukipita juu barabarani unaweza kudhani ni uwanja wa malisho. Mzee mmoja mkulima wa pale, mteja wangu wa siku nyingi, ndiye aliyeniteremsha hadi chini. Akaniambia nivue viatu. Tulipotoka kwenye nyasi na kukanyaga mafunjo yaliyoangushwa, akaruka mara moja kwa miguu yote miwili, mzee mzima, na mafunjo yaliyokuwa hatua kumi mbele yetu yakayumba. Chini ya miguu yetu hapakuwa na ardhi. Palikuwa na mkeka wa mizizi unaoelea, na chini ya mkeka, maji na matope ambayo wenyeji wana hadithi nyingi za magari na wanyama waliomezwa humo. Hadithi hizo sizithibitishi. Baada ya ule mruko, sizibishi pia.

Akaniambia nizamishe mkono. Ulizama hadi kwenye bega, nikatoa konzi ya kitu cheusi, chepesi, kimejaa nyuzinyuzi kama tumbaku iliyolowa. Hakikuwa na harufu ya uozo niliyoitarajia. Nilipokipasua kwa kidole niliona vipande vya mafunjo, bado vina umbo lake, mistari yake inaonekana. Mmea ulikuwa umekufa muda mrefu na haujaoza.

Hiyo ndiyo mboji ya kinamasi. Majani yanapokufa ndani ya maji yaliyotulia, hewa haiyafikii na vijidudu vya kuozesha vinashindwa kufanya kazi, kwa hiyo mabaki yanarundikana. Yanarundikana polepole mno, kwa kawaida kama milimita moja kwa mwaka. Urefu wa mkono wangu ule ulikuwa mamia ya miaka. Ardhi ya aina hii ni kati ya asilimia 3 na 4 tu ya nchi kavu ya dunia, lakini imeshikilia karibu theluthi moja ya kaboni yote iliyo udongoni, zaidi ya iliyo kwenye miti ya misitu yote ikiwekwa pamoja. Chimba mtaro, maji yashuke, hewa iingie, na ile kazi ya kuoza iliyosimama karne nyingi inaanza mara moja. Kaboni inapanda hewani, udongo wenyewe unadidimia, na mahali kama Indonesia, ambako vinamasi vilikaushwa kwa ajili ya mpunga, michikichi na miti ya karatasi, moto ukiingia humo chini unawaka wiki kwa wiki. Moshi wa mwaka 1997 na wa mwaka 2015 ulivuka hadi nchi jirani.

Lakini nilipokuwa nimeshika ile konzi sikufikiria Indonesia. Nilifikiria kibanda changu, kwa sababu kitu kile nilikuwa nakijua. Nilikuwa nakinunua kwa gunia.

Sisi tunaootesha miche ya mboga tunakiita pitimosi. Huja kimeshindiliwa kwenye plastiki nyeupe, kimeandikwa Latvia au Estonia au Lithuania, na ukikitia maji kinafura hadi unashangaa kilikuwa kimeingiaje. Ni kizuri, lazima nikiri. Hakina mbegu za magugu, hakina minyoo, kinashika maji bila kulowesha mzizi, na mche wa hoho unatoka kwenye tundu la trei na donge lake zima. Huko Ulaya nako wanakibishania. Uingereza ilitangaza mwaka 2022 kwamba ingezuia kuwauzia wenye bustani za nyumbani kufikia mwaka 2024, mwaka ukafika, sheria haikufika. Kwa hiyo kinamasi cha Latvia kinachimbwa, kinapakiwa melini, kinashuka Mombasa, kinapanda barabara hadi Kangemi, na mkulima wa Kikuyu anakuja kununua nyanya iliyooteshwa ndani yake ili akaipande kwenye kinamasi alichokikausha mwenyewe. Nilimweleza mzee habari hiyo, akacheka hadi akaketi.

Sasa baraza.

Lilifanyika kwenye uwanja wa shule, viti vya plastiki mbele kwa ajili ya wageni, sisi wengine kwenye nyasi. Ajenda ilikuwa mpaka wa kinamasi. Mimi nilikuwa nimealikwa kama mtu wa miche, maana kulikuwa na mpango wa kupanda miti ukingoni. Afisa wa mazingira alieleza vizuri, kwa upole, kwamba kanuni za mwaka 2009 kuhusu ardhi oevu na kingo za mito zinataka ukingo wa kati ya mita 6 na mita 30 uachwe, kuhesabu kutoka alama ya juu kabisa ambayo maji yamewahi kufika. Ndani ya ukingo huo hakuna kulima wala kujenga.

Mzee wangu akainua mkono.

"Bwana afisa, maji yalifika wapi mwaka gani? Mwaka wa El Niño yalifika kwenye zizi langu. Mwaka wa kiangazi yalirudi nyuma hadi nikapanda viazi pale unapoona mafunjo. Sasa nipime kutoka kwa zizi ama kutoka kwa viazi?"

Watu walicheka, lakini swali lilikuwa halisi. Kinamasi hakina ukuta. Kinapumua ndani na nje kufuatana na mvua, na hatimiliki za watu ziliandikwa katika miaka ambayo kilikuwa kimerudi nyuma. Kuna watu ambao pembe ya shamba lao kwenye ramani iko majini, na wana karatasi yenye muhuri wa serikali inayosema ni yao. Serikali ileile sasa inawaambia wasiiguse. Afisa alisema jambo hilo litashughulikiwa. Nadhani alijua kama sisi kwamba hakuwa na mamlaka ya kulishughulikia.

Kisha akasimama baba mmoja wa makamo, koti la suti juu ya buti za mpira. "Mheshimiwa mwenyekiti, mnasema kinamasi ni cha taifa zima. Sawa. Na karo, nayo ni ya taifa zima?"

Hapo hawakucheka.

Kulikuwa na kijana mwenye vivungulio, zile nyumba za plastiki za kukuzia mimea, ambaye anavuta maji ya kumwagilia nyanya na waridi. Aliongea kwa hesabu: watu aliowaajiri, kodi anayolipa, vibali alivyonavyo. Alikuwa sahihi kwa kila alichosema na hakusema anavuta lita ngapi. Hakuna aliyemuuliza. Nililiona hilo na nimeliona tena katika mikutano mingine: mwenye pampu huja na faili, mwenye jembe huja na malalamiko, na mkutano huheshimu faili.

Aliyenifundisha zaidi siku ile ni shosho mmoja ambaye hakuomba nafasi ya kuongea. Chifu ndiye alimwita. Analima nduma kwenye mkondo unaotoka kinamasini, na kazi hiyo aliirithi kwa mama yake. Alisimama, akajifunga leso vizuri, akasema sijui kama mnaelewa nduma. "Nduma inataka miguu ndani ya maji. Mimi sijawahi kuchimba mtaro, kwa sababu nikichimba mtaro nduma inakuwa ngumu, haiivi, na hakuna mtu wa Nairobi atanunua. Maji yakipungua mimi ndiye wa kwanza kujua. Lakini kwenye karatasi yenu mmeniweka pamoja na wenye kukausha."

Alikuwa amesema kweli. Kanuni haikutofautisha mkulima anayeondoa maji na mkulima anayehitaji maji yabaki. Wote walikuwa "wanaolima ndani ya ukingo". Nchini Ujerumani na Indonesia kuna wataalamu wanaofanya majaribio ya kilimo cha kwenye ardhi oevu bila kuikausha: matete ya kuezekea, mimea ya kutengenezea mbao za ukutani, sago. Shosho angeweza kuwasimulia mambo mawili matatu. Sitaki kumpamba sana. Ili kupanda nduma lazima ung'oe mafunjo, na nduma zinazolimwa huku chini mjini, kwenye mito iliyojaa maji taka, zimefanya wanunuzi waogope hata za kwake zilizo safi. Lakini kati ya kulima nduma na kuchimba mtaro kuna tofauti kubwa, na mkutano mzima haukuwa na kisanduku cha kuiandikia.

Mheshimiwa mwakilishi wa wadi alifika baraza likikaribia kwisha. Alikuwa na wapiga picha na miche, na miche hiyo ilikuwa imetoka kwangu: mianzi, muiri, mukoigo, mikuyu. Nilikuwa nimeeleza kwamba ipandwe juu, kwenye mteremko, ambako udongo unaporomoka kuingia kinamasini. Ndani ya kinamasi mwenye haki ya kukaa ni mafunjo. Ukipanda mti pale, ama unakufa kwa kukosa hewa mizizini, ama ukipona unaanza kunywa maji uliyokuja kuyalinda. Mheshimiwa alinisikiliza vizuri kabisa. Tatizo lilikuwa mpiga picha, aliyetaka maji yaonekane nyuma. Wakateremka. Mashimo yakachimbwa kwenye tope, maji yakajaa kabla mche haujaingia, picha zikapigwa, watu wakapiga makofi.

Siandiki hili kumcheka. Nimelitafakari sana tangu siku ile kwa sababu linaeleza siasa yote ya jambo hili. Mti unahesabika. Unaweza kusema nimepanda elfu moja, bilioni moja, bilioni 15. Una siku ya kupandwa, una jina la aliyeupanda, unaingia kwenye picha. Kazi kubwa ya kinamasi ni maji yasishuke, na hakuna namna ya kupiga picha kitu ambacho hakikutokea. Waziri John Michuki aliwahi kuliona hili kwa upande wa pili mwaka 2009, alipoamuru mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji ing'olewe. Alichekwa na kulaaniwa: waziri wa mazingira anayekata miti! Kisiasa, kung'oa mti ili kulinda maji ni kazi isiyo na mashabiki, hata pale ambapo ndiyo kazi inayohitajika.

Cha kushangaza ni kwamba uamuzi mkubwa wa dunia kuhusu ardhi hizi ulipitishwa hapahapa kwetu. Machi 2019 Baraza la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikutana Gigiri. Jiji lilikuwa kwenye msiba. Ndege ya Ethiopia iliyokuwa ikija Nairobi ilikuwa imeanguka tarehe 10, watu 157 wakafa, wakiwemo waliokuwa wakija mkutanoni. Wiki hiyohiyo baraza lilipitisha azimio la kuhimiza nchi zihifadhi na kutumia kwa busara ardhi za mboji. Kutoka Gigiri hadi Ondiri ni matatu mbili. Katika lile baraza la chifu hakuna aliyelitaja azimio hilo, hata afisa.

Fundi Mkongomani ndiye aliyenifanya nilielewe suala hili kwa upande mchungu zaidi. Mwaka 2017 wanasayansi walitangaza kwamba katikati ya bonde la mto Kongo, katika nchi zote mbili za Kongo, kuna kinamasi cha mboji cha kilomita za mraba 145,500, sawa na robo ya Kenya, chenye kaboni tani bilioni 30. Julai 2022 serikali ya Kinshasa ikapiga mnada maeneo 30 ya mafuta na gesi, mengine yakigusa kinamasi hicho. Makelele yakapigwa duniani kote. Oktoba 2024 mnada ukafutwa, na mwaka 2025 yakatangazwa maeneo mapya 52. Nilipomsomea habari hiyo, fundi hakuinua macho kwenye cherehani.

"Yaya, banasema tuchunge ile matope. Sawa, tutachunga. Ni nani atatulipa juu ya kuichunga?"

Nikamwambia kuna ahadi za fedha. Akauliza kama ahadi inaliwa na sombe, ile mboga yao ya majani ya muhogo. Lilikuwa swali la baba wa buti za mpira, kwa Kiswahili cha Goma.

Mfano unaonipa moyo na kunitatiza kwa pamoja ni wa Rwanda. Kaskazini mwa nchi hiyo kuna kinamasi cha Rugezi. Kililimwa, kikachimbwa mitaro, na maji yanayoteremka kutoka humo kwenda ziwa Burera yakapungua hadi kituo cha umeme cha Ntaruka kikashindwa kuzalisha ipasavyo, karibu mwaka 2003 na 2004. Kigali ikaona giza. Serikali ikapiga marufuku kilimo ndani ya kinamasi, ikazuia mifereji, ikapanda mianzi na nyasi pembeni, ikahimiza matuta milimani, na mwaka 2005 Rugezi ikaingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Maji yakarudi. Angalia kilichofanya uamuzi uwezekane: taa za mji mkuu. Walioathirika na ukaushaji walikuwa na sauti. Waliotolewa kinamasini walikuwa wakulima wadogo, na wao ndio waliolipa kwanza. Halafu nchi hiyohiyo, upande wa kusini na magharibi, ikajenga mitambo ya umeme inayochoma mboji ya vinamasi vingine, Gishoma na Gisagara. Siwalaumu. Naona tu kwamba hata aliyejifunza somo kwa gharama kubwa hulisoma kwa kinamasi kimoja kwa wakati.

Ulaya wana pesa na bado wanagombana. Finland imekausha takriban nusu ya vinamasi vyake, hasa ili miti ya mbao ikue vizuri, na sasa wenye misitu hawataki kusikia habari ya kurudisha maji. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kurejesha mazingira ilipita Juni 2024 kwa kura za kubanana, baada ya miezi ya matrekta barabarani. Waziri wa mazingira wa Austria aliiunga mkono kinyume cha matakwa ya kansela wake. Inataka nchi zirekebishe asilimia 30 ya ardhi za mboji zilizokaushwa kwa kilimo kufikia mwaka 2030, na angalau robo ya hizo zirudishiwe maji. Lakini mkulima mmojammoja halazimishwi. Waliona wazi kwamba bila kumlipa hatakubali. Sisi tulianza na kumlazimisha.

Kwetu si kwamba njia haijulikani. Tangu mwaka 2015 kuna Mfuko wa Maji wa Upper Tana na Nairobi, ambao hukusanya fedha kutoka kwa watumiaji wa maji wa huku chini, zikiwemo kampuni, na kuwasaidia wakulima wa milimani kuchimba matuta na kupanda nyasi ili mito ifike mabwawani ikiwa safi. Mnywaji anamsaidia mtunzaji. Ondiri inatiririsha maji yake kupitia Nyongara hadi mto Nairobi, upande wa bonde la Athi, nje ya mpango huo. Na nani Nairobi atakubali kulipia mto Nairobi, mto ambao wengi wetu tunaujua kwa harufu? Maji yanatoka Kikuyu yakiwa safi kiasi cha kulima nduma. Yakifika Kariobangi hakuna anayekumbuka yalitoka wapi.

Baada ya baraza, mzee na mimi tulikaa tukapiga hesabu kwenye nyuma ya risiti yangu. Kipande chake cha chini kingebaki na maji, angepata nini? Mafunjo na nyasi za pale hukatwa na kuuzwa, nyasi kwa wenye ng'ombe, mafunjo kwa matandazo ya shambani. Wakati wa kiangazi, juu kukiwa kumekauka, bondeni bado ni kijani, na hapo bei ya mkokoteni mmoja wa nyasi inapanda. Tukalinganisha na sukuma wiki, ambayo ingehitaji mtaro, dawa na pampu ya kukodi. Nyasi zilishindwa, lakini si kwa mbali kama alivyodhani. Pengo lilikuwa katika miezi ya mvua, wakati kila mtu ana nyasi zake. Mtu akiziba pengo hilo la miezi michache, mzee hahitaji kulazimishwa. Nilimwandikia afisa hesabu hiyo. Alinijibu kwa heshima kwamba ameipokea.

Mzee hakungoja. Amefukia mtaro wa chini kabisa kwa mikono yake na ya mjukuu wake, ameacha mafunjo yarudi, na amepata mnunuzi wa nyasi kutoka Wangige anayekuja na pikapu Alhamisi. Shosho wa nduma amemwazima kipande kando ya mkondo wajaribu pamoja. Mimi nimebadilisha trei zangu nyingi kwenda kwenye makumbi ya nazi yaliyosagwa, ambayo yana chumvi na ukiyatumia bila kuyaosha hoho zinaungua ncha za majani. Kwa nyanya bado nanunua pitimosi, ila gunia moja pale nilipokuwa nanunua matatu. Mikaratusi ya mzee iliyo juu kidogo ya ule mtaro bado imesimama. Amesema hataikata mpaka ifike unene wa nguzo, na sikubishana naye. Mjukuu huyo anaingia sekondari ya juu Januari.